Gari la kuagiza Japani au la mkononi: lipi litadumu Arusha na Moshi?

Anayetafuta gari dogo la familia Arusha au Moshi hana haja ya kujiuliza sana kama anunue gari la Tanzania au la nje. Kiwanda cha magari cha Nyumbu, Kibaha, ni cha jeshi, na magari yanayounganishwa nchini ni malori zaidi kuliko magari ya kutembelea. Vitz, IST, Premio, Noah, Rav4: yote yametoka Japani. Swali linalobaki ndilo gumu. Uagize gari ambalo halijawahi kukanyaga barabara zetu, au uchukue la mkononi ambalo mwenzako ameshalitumia hapa miaka mitano, sita?

Jibu la kijiweni ni kuangalia namba. Namba E ni gari jipya, namba C ni gari choka. Namba inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haisemi lilitengenezwa mwaka gani, lilitembea kiasi gani Japani kabla ya kupanda meli, wala nani aliliendesha lilipofika. Gari la mwaka 2004 linaweza kuwa na namba E, na la mwaka 2010 likawa na namba C.

Tunavyoona sisi, jibu linatokana na injini na gia boksi. Kwa magari yenye injini ya Toyota ya 1NZ na gia boksi ya kawaida ya otomatiki, yaani IST, Spacio, Raum, Probox na Corolla za rika hilo, la mkononi lililopita ukaguzi wa kweli ni bora kuliko kuagiza lenye umri uleule. Kwa magari ya CVT (gia boksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua), injini za D-4 (zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda) na Subaru za turbo, usinunue la mkononi isipokuwa unamjua mwenye gari na fundi wake. Hayo ama uagize lenye karatasi nzuri, ama uachane nayo.

Hesabu ya bandarini

Gari la kuagiza lina bei mbili. Ya kwanza ni CIF: gari lenyewe, bima na meli hadi Dar es Salaam. Ya pili ni kodi, na hapo ndipo wengi wanapofanya uamuzi kinyume, kwa sababu wanatafuta gari la bei ndogo kule Japani bila kuangalia mwaka.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Kisha ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, zaidi ya miaka 10 ni 30. Mwisho VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote hiyo, pamoja na tozo ndogo za reli na forodha.

Chukua IST ya cc 1500 iliyovuka miaka 10, CIF dola 3,000. Forodha ni dola 750, inafanya 3,750. Ushuru wa injini ni 187.5, uchakavu ni 1,125. VAT inaangukia kwenye 5,062.5, nayo ni 911. Jumla ya kodi, bila zile tozo ndogo, ni karibu dola 2,974, yaani umelipia gari mara mbili. Sasa chukua gari la cc 1300 lisilofika miaka 8, CIF dola 5,000. Forodha 1,250, injini 312.5, uchakavu hakuna, VAT 1,181. Kodi ni karibu dola 2,744. Gari ghali zaidi limelipiwa kodi ndogo kuliko gari choka! Kwa pengo la dola 1,800 hivi kwenye jumla, unapata gari lenye umri mdogo na lililo mbele kwa kila kitu kingine.

Kwa hiyo kuagiza gari la zaidi ya miaka 10 ni nadra kuwa na maana. Pesa inayokwenda kwenye uchakavu ingekununulia la mkononi safi na kubakiza ya matengenezo. Kuagiza kunalipa pale unapoweza kubaki chini ya miaka 8. Angalizo mbili tu. Kodi inafuata mwaka wa kutengenezwa, wakati matangazo mengi ya Japani huandika mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Gari la Novemba linaweza kusajiliwa mwaka unaofuata, na mwezi huo mmoja ukakuvusha mpaka wa kodi. Pili, TRA ina thamani zake kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti yake. Ingiza aina, mwaka na cc ya gari kabla hujatuma hata dola moja, na urudie tena ikiwa bajeti mpya ya Juni imesomwa, kwa sababu viwango hubadilika Julai 1.

Ongeza gharama za wakala, kampuni ya meli, bandari, usajili na bima. Gari likikaa bandarini kupita siku za bure, tozo ya hifadhi inahesabiwa kila siku, na mara nyingi sababu ni nyaraka zilizochelewa au mnunuzi ambaye hakuwa na pesa ya kodi mkononi. Pesa ya kodi iwepo kabla meli haijafika.

Karatasi ya mnada

Nguvu kubwa ya gari la kuagiza ni karatasi. Magari mengi yanayokuja kwetu hupita kwenye minada ya Japani, na kila gari hukaguliwa na mtu asiye na maslahi na mauzo. Muuzaji anayekataa kukutumia karatasi ya mnada, achana naye hata picha zikiwa nzuri namna gani.

Angalia daraja kwanza. 4.5 na 4 ni gari zuri, 3.5 ni gari lililotumika vizuri lakini lina alama, 3 lina kazi ya bodi. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. R si lazima iwe mbaya, maana kubadilishiwa bampa na fremu ya mbele kidogo kunaweza kulipeleka gari huko, ila bei lazima ishuke na utake picha za chini.

Kisha tazama mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba ya 1 hadi 3 pembeni ni ukubwa. Hizi zote zinavumilika. Herufi za kuogopa ni S na C, yaani kutu na kuoza kwa bati. Mikoa ya kaskazini mwa Japani humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo inakula gari kuanzia chini: vishikio vya springi, mabomba ya breki, bolti za mkono wa chini. Juu gari linang'aa. Fundi wa Unga Limited, Arusha, akianza kufungua bolti, inakatika. Gari lenye S nyingi au C hata moja upande wa chini, liache liende kwingine.

Kilomita za karatasi ya mnada zina faida hata kwa anayenunua mkononi. Wapo watoa huduma mtandaoni wanaotafuta karatasi ya mnada kwa namba ya chesisi kwa malipo madogo. Gari likiwa lilinunuliwa mnadani likiwa na kilomita 112,000, na leo dashibodi inasoma 84,000, hamna haja ya kuendelea kuzungumza bei.

Likishatoka bandarini

Gari lililokaa yadi, kisha melini, kisha bandarini, linafika likiwa na betri dhaifu, oili ya zamani na matairi ambayo huenda si ya nchi ya joto. Soma namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 3216 ni wiki ya 32 ya mwaka 2016. Matairi ya theluji utayajua kwa vipasuo vidogo vingi kwenye kila gome. Kwenye lami ya joto ya Same na Mwanga yanakuwa laini, yanalika haraka na yanateleza mvua ikinyesha. Badilisha kabla ya kutoka Dar, maana mpaka Moshi ni kilomita 560 hivi na mpaka Arusha zinazidi 600.

Kabla ya safari hiyo, mwaga oili na uweke mpya na filta. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo nunua galoni ya lita 4. Pima kiwango cha kulanti, maji ya breki, upepo, na hakikisha kuna jeki, spana ya matairi na tairi la akiba lenye upepo. Redio za Japani husoma kuanzia 76 MHz na kuishia 90 au 95, hivyo vituo vyetu vingi hazivikamati mpaka ufungiwe kibadilishi cha masafa, kazi ya fundi redio ya dakika chache.

Watu hawatarajii jambo moja: gari la kuagiza lenye kilomita chache linaweza kuwa na bushi mbovu, yaani vile vipande vya mpira kwenye viungo vya miguu ya gari. Mpira unazeeka kwa miaka, na gari la miaka 10 lina mpira wa miaka 10. Kwenye lami ya Japani bushi zilizopasuka hazisemi kitu. Zipeleke mwezi mmoja kwenye barabara ya vumbi ya Simanjiro au njia za migombani za Rombo, zitaanza kuongea. Kwa hiyo gari "jipya" litahitaji kutengenezwa mguu wa mbele ndani ya mwaka wa kwanza, na gari la mkononi lililotunzwa huenda tayari limefungwa bushi mpya. Hapo la mkononi linashinda.

Kuinua gari kidogo kwa spesa kunasaidia kwenye njia mbovu, lakini usipite sentimita 3. Zaidi ya hapo draivu shafti zinakaa kwa pembe kali, mpira wake wa kufunika grisi unapasuka, vumbi linaingia na shafti inaanza kulia tik-tik-tik ukikata kona.

La mkononi: fika injini ikiwa ya baridi

Faida ya gari la mkononi ni kwamba unaweza kuligusa, kulisikiliza na kulipandisha mlima. Tumia faida hiyo yote. Anayekagua kwa kuzunguka gari mara mbili na kupiga tairi teke hana tofauti na aliyenunua kwa picha.

Mpigie mwenye gari jioni, mwambie utafika saa 1 asubuhi na asiliwashe. Ukifika gusa bonati. Likiwa na joto, kuna kitu anachokificha, mara nyingi injini ngumu kuwaka au moshi wa asubuhi. Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama maziwa mgando unaweza kumaanisha maji yanaingia kwenye oili, lakini usikimbie mara moja: baridi ya Arusha ya Juni na Julai, pamoja na safari fupi za Sakina hadi mjini, hutengeneza ute mdogo chini ya kifuniko hata kwa injini nzima. Chomoa kijiti cha oili. Ute ukiwepo na kule, gasketi ya silinda hedi imekufa au kipoza oili ("oili kula") kimepasuka. Kijiti kikiwa kisafi, endelea.

Fungua rejeta ikiwa ya baridi. Unataka kulanti yenye rangi safi, nyekundu au kijani. Maji ya rangi ya chai ya rangi ni kutu: mtu amekuwa akiongeza maji ya bomba. Soma kifuniko cha rejeta, kimeandikwa 0.9 au 1.1, na kilingane na cha asili. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Kinachozuia kuchemka ni presha inayoshikiliwa na kifuniko hicho. Kifuniko kilicholegea au cha namba ndogo kinalifanya gari lichemshe mlimani, fundi anabadilisha pampu, anabadilisha thamostati, anaondoa kabisa thamostati, na tatizo linabaki kwenye kifuniko cha bei ndogo. Gari lililoondolewa thamostati linachelewa sana kupata joto na linakula mafuta; ukiona sindano ya joto haipandi baada ya dakika 10 za kuendesha, uliza.

Sasa washa. Simama nyuma. Moshi mweupe unaopotea haraka ni mvuke wa asubuhi. Moshi wa bluu wakati wa kuwaka tu, kisha ukaisha, ni sili za valvu, zinavumilika kwa punguzo la bei. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka kila ukikanyaga mafuta, injini ikiwa ya moto, ni ringi, na hiyo ni kazi ya kushusha injini. Injini ikiwa inazunguka, fungua tena kifuniko cha oili: upepo mdogo ni kawaida, moshi unaopuliza kwa midundo si kawaida.

Kisha barabarani. Chagua njia mbovu ya nusu kilomita, zima redio, shusha vioo. Kugonga kwa haraka kwa mfululizo kwenye mashimo madogo ni stabilaiza linki, kitu cha bei ndogo. Mlio mmoja mzito wa kugonga ukishika breki au ukianza kuondoka ni bushi za mkono wa chini. Kugonga ukivuka tuta kwa pembe ni kishikio cha juu cha shokapu. Mngurumo unaokua na mwendo, na kubadilika ukiegemeza gari kushoto au kulia, ni beringi ya tairi. Yote hayo yanatengenezeka na vipuri vya Toyota vipo Arusha na Moshi. Kisichopatikana hutumwa na basi la usiku kutoka Dar na kufika asubuhi. Yaandike tu na uyahesabu kwenye bei.

Kwa gari ambalo huenda lilikuwa teksi, angalia pedali ya breki na kiti cha nyuma. Dashibodi ikisoma kilomita 80,000 huku mpira wa pedali umelika hadi chuma, au kiti cha abiria wa nyuma kimelegea kuliko cha mbele, amini mpira na kiti. Namba nyeupe iliyogeuzwa kuwa ya njano inaacha alama kwenye kadi. Vumbi nalo linasema: toa taa ya nyuma, angalia tundu lake. Likiwa limejaa vumbi laini kama unga, gari hili liliishi Mererani au Longido, si Njiro, na ea klina yake ilihitaji kubadilishwa mara mbili ya kawaida. Uliza kama ilibadilishwa.

Injini na gia boksi zinazoamua

Hapa ndipo uchaguzi kati ya kuagiza na mkononi unapogeuka.

1NZ-FE ya cc 1500 ina cheni badala ya belti, inapuliza mafuta kwenye njia ya hewa kwa mfumo wa kawaida, na kila fundi anaijua. Kinachokufa ni pampu ya maji, gasketi ya juu na mauntini za injini, vyote vya kawaida. Injini hii ikipewa oili kila kilomita 5,000 inabeba namba kubwa za kilomita. Ndiyo maana tunasema inunue mkononi. Passo ya cc 1000 yenye silinda 3 nayo ni ngumu kufa, ila jua unachonunua: injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na Passo inayo nguvu farasi 71 tu ikiwa usawa wa bahari. Ukiwa na watu wanne na magunia unapanda Machame, utazima kiyoyozi.

1ZZ-FE, ya cc 1800 kwenye baadhi ya Premio na Spacio, ina kasoro ya pistoni kwenye zile za mwanzo, hadi karibu 2002: vitundu vya kurudishia oili ni vidogo, vinaziba, injini inakula oili. Ya mkononi pima kijiti, liendeshe wiki kama mwenye gari anakubali, pima tena.

D-4 ni hadithi nyingine. Injini ya 1AZ-FSE iko kwenye Rav4 ACA21, Noah na Voxy za AZR60, Premio na Allion za AZT240. Inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Mafuta hayaoshi tena valvu za kuingizia hewa, hivyo masizi yanajijenga, gari linatetemeka likisimama kwenye taa na wakati mwingine linazima. Pampu ya presha na nozeli zake ni ghali, na mafundi wengi wanajaribu plagi, koili na sensa kabla ya kufika kwenye tatizo. Ukinunua mkononi unanunua masizi ya miaka yote hiyo. Kuziagiza pia hakuna sababu, zimeshavuka miaka 10 zote na kodi yake ni ile ya uchakavu.

CVT iko kwenye Fielder za NZE141, Premio za NZT260, Vitz nyingi za karibuni na X-Trail za T31. Si mbovu. Inauawa na oili isiyo yake. Toyota inataka CVT Fluid TC au FE kutegemea gari, Nissan inataka NS-2 au NS-3. Fundi akimwaga hydroliki nyekundu ya gia boksi ya kawaida, mkanda wa chuma ndani unaanza kuteleza na kujikwaruza, na hakuna kurudi nyuma. Huwezi kujua kwa macho kama kosa hilo limeshafanyika. Jaribio lake ni joto: toka mjini Moshi panda Kibosho bila kusimama, geuza, simama kwenye mteremko ukielekea juu, ondoka taratibu. Gari likitetemeka kuondoka, au injini ikipanda mzunguko huku mwendo haupandi, gia boksi inaelekea kufa. Kwa CVT gari la kuagiza lina faida kubwa: huko lilipata oili yake. Likifika, weka oili sahihi wewe mwenyewe na uandike tarehe.

Forester zenye EJ20 zina belti ya taiming ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Kama hakuna risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa na upunguze gharama hiyo kwenye bei. Ya turbo inataka oili nzuri bila kuchelewa, na mmiliki wa tatu au wa nne mara chache ameifanya hivyo.

Arusha ina soko lake la Land Cruiser zilizotoka kwenye utalii, zenye bodi ndefu na paa la kuinuka. Injini ya 1HZ humo haiogopeshi. Ingia chini uangalie chesisi pale ilipoongezwa urefu: mshono wa welding ukiwa na ufa mwembamba au mstari wa kutu, chesisi inajikunja na inaachia. Hilo si la kupigia rangi.

Kuhusu gari la namba ya Kenya linalouzwa kwa bei tamu Namanga, kodi ya Tanzania haijalipwa. Bei tamu ndiyo hiyo kodi.

Karatasi kabla ya pesa

Gari la mkononi linaweza kuwa zima na bado likakutoa jasho. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi, au chini ya kiti cha mbele kwa baadhi ya magari, na ile ya kadi. Kisha namba ya injini. Injini ikiwa imebadilishwa kwa ya mtumba ni sawa, lakini kadi nayo iwe imebadilishwa. Kadi iwe ya asili, si nakala. "Kadi iko benki" maana yake gari bado ni dhamana, na malipo yafanyike benki yenyewe mbele ya afisa mkopo. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Gari lililopita mikono mitatu bila kuhamishwa jina litakutafutisha mtu wa kwanza, ambaye huenda yuko Mtwara au ameshafariki, na warithi wake ndio watakaosaini.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani uone madeni. Kila kosa ni shilingi 30,000, na yapo magari yenye makosa 20. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana ya bandia inafanana na ya kweli.

Mkataba mwandikishiane kwa wakili, ukiwa na namba ya chesisi, kilomita za siku hiyo na bei halisi. Nendeni TRA wote wawili, kila mmoja na TIN yake, mkamilishe uhamisho na ushuru wa stempu. Lipa sehemu kubwa kwa benki, bakiza kiasi mpaka kadi mpya itoke na jina lako. Muuzaji akisema hana muda wa TRA, mwambie gari utalichukua atakapokuwa na muda.